Chupa Moja Nje ya Daftari

Kabla sijawa mwalimu wa maabara niliuza chakula kwa madereva wa malori pale Rusumo, mpakani na Rwanda, na niliyojifunza pale yamenisaidia kuliko baadhi ya vyeti vyangu. Dereva anayesubiri karatasi zake forodhani ana njaa na ana muda, na mtu wa namna hiyo husema mengi. Mmoja wao alinieleza, huku akimalizia maharage, kwamba gari likiwa na magunia pungufu kuliko karatasi, mtafute mzembe: aliyeangusha, aliyesahau, aliyelala. Lakini karatasi ikiwa na magunia pungufu kuliko gari, usitafute mzembe. Hapo kuna gunia lenye safari yake.

Kwa hiyo siku ya Jumanne nilipokuta rafu ya mwanafunzi wangu bora ina chupa arobaini, na daftari lake limeandika thelathini na tisa, sikufurahi kwamba tumepata ziada. Nilihesabu tena, safari hii nikianzia upande wa dirisha. Arobaini. Nikavuta kiti nikaketi.

Chuo chetu kiko wilayani Biharamulo, kando ya barabara iendayo Ngara. Kinafundisha ushonaji, useremala, ufundi wa pikipiki, na kwa miaka ya karibuni kuzalisha miche ya migomba kwenye chupa. Maabara yenyewe ilikuwa stoo ya maharage. Tuliipaka rangi mara mbili, tukaziba madirisha kwa nailoni, na wanafunzi wa useremala wakatuundia sanduku kubwa la mbao lenye kioo mbele na matundu mawili ya kupitishia mikono. Ndani ya sanduku hilo ndimo kazi inamofanyika. Unachukua chipukizi la mgomba, unalimenya gamba baada ya gamba mpaka ubaki moyo wake, mdogo kama ncha ya kidole. Unauloweka kwenye dawa, unausuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria ya presha, kisha unauingiza kwenye chupa yenye chakula kilichoganda: sukari, madini, vitamini. Baada ya wiki nne mmoja umezaa mitatu. Unakata, unahamisha, unaendelea. Ni kazi rahisi kueleza. Tatizo ni kwamba sukari hiyo inapendwa na kila kiumbe kisichoonekana kwa macho, na vingine vinavyoonekana. Mfuko wetu wa sukari niliuchora mstari wa kalamu kila jioni, kwa sababu ya vile vinavyoonekana.

Somo la kwanza kila mwaka ni lilelile. Nawapanga mbele ya sanduku, wamevaa makoti meupe waliyoshonewa na wenzao wa ushonaji, na ninawaambia, "Humu hatumwamini mtu. Mkono wako ni mchafu."

"Nimenawa, madamu."

"Basi ni mkono mchafu ulionawa. Hewa ni chafu. Kisu ni kichafu mpaka ukichome kwenye moto. Na yule anayecheka nyuma ndiye mchafu kuliko vyote, maana anacheka mdomo wazi."

"Kumbe hii kozi ni ya uaskari," akasema anayecheka. Huyo alikuwa Mhangaza wa Ntobeye, kule Ngara, mtu mzima mwenye mke na pikipiki, ambaye neno halikupita mbele yake bila kutozwa ushuru. Kijijini kwao mnyauko ulikuwa umewafanya wang'oe migomba shamba baada ya shamba, na kikundi cha wakulima huko kilikuwa kikisubiri miche yetu. Hilo ndilo lililomleta chuoni. Hilo, na kuchoka kubeba abiria wasio na chenji.

Binti mwenye rafu ya chupa arobaini alikaa mbele yake na hakucheka. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia Biharamulo kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Alikuwa na mikono ambayo hufundishwi. Unazaliwa nayo au unaikosa. Wenzake walipoteza chupa kila wiki, leo ukungu mweupe, kesho utelezi wa njano. Yeye alikaa hata mwezi mzima asipoteze hata moja. Aliingiza mikono kwenye sanduku kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

Mwaka huo maabara moja kubwa ya miche, mbali na kwetu, ilikuwa imetupa nafasi moja ya mwanafunzi wa kujifunza kazi, na akifanya vizuri wangembakiza. Nafasi moja, wanafunzi kumi na wanne, na barua ya kumtambulisha ilipaswa kuandikwa na mimi. Mtu aliyesoma ushonaji akikosa ajira atatafuta cherehani akae barazani. Wangu akikosa maabara hana pa kuanzia. Huwezi kuotesha migomba kwenye chupa jikoni kwa mama yako, kati ya moshi na kuku. Kila mtu darasani alijua nafasi ile ni ya binti huyo. Mimi pia nilijua. Ndiyo maana arobaini ile ilinikera.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi ana rafu yake na daftari lake. Kwenye chupa anaandika tarehe, aina ya mgomba na alama yake. Jumanne, baada ya vipindi, anaandika jumla ya chupa zilizo hai na zilizooza, mimi nakagua, mara nyingi kwa jicho tu, nasaini. Chupa isiyo kwenye daftari ni kitu cha hatari. Siku ugonjwa ukionekana shambani unarudi nyuma kutafuta mche ulitoka wapi, na kama mche huo haukuandikwa, umerudi mpaka kwenye ukuta. Na kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye vitabu. Mche wetu una bei, na wateja wasiouliza risiti hawakosekani barabara ile.

Jumanne iliyofuata alikuwa amekata na kuhamisha. Rafu: hamsini na mbili. Daftari: hamsini na moja. Wiki ya tatu moja iliota ukungu, akaiandika vizuri kabisa upande wa zilizooza, ikachemshwa ikatupwa. Rafu: hamsini na moja. Daftari: hamsini. Nilihesabu kila mara mara mbili, na mara moja nilimwita mwalimu wa ushonaji ahesabu bila kumwambia kwa nini. Akapata kama mimi, akaniuliza kama nimeanza kusahau namba.

Kosa la mzembe huyumba. Leo mbili, kesho hakuna. Hili halikuyumba. Nikaanza kumtazama yule binti kwa jicho la Rusumo.

Nilichukua rangi ya kucha, nikaweka nukta nyekundu chini ya kila chupa yake wakati wa chakula cha mchana. Siku zilizofuata nilizikagua nukta zangu. Zote zilikuwepo. Mtu mwenye akili timamu angetulia hapo. Mimi nilijiambia: anangoja zikue.

Ijumaa nikatangaza ukaguzi wa mabegi mlangoni. Nilisema ni kwa ajili ya vibano viwili vya kushikia miche vilivyopotea. Kibano kilichopotea kilikuwa kimoja, na nilijua kiko wapi.

"Madamu, leo tumefika mpakani!" akapaza sauti yule wa Ntobeye, akainua mikono juu. "Nina chapati moja na soksi. Nisimame kwenye mstari upi?"

"Fungua begi."

"Chapati ni ya matumizi binafsi."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na mabegi kumi na matatu niliyakagua kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa nyanya asizokusudia kununua. La kumi na nne lilikuwa la yule binti. Hilo nilitoa kila kitu kilichomo. Daftari, kanga, kitana, mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, kitabu cha nyimbo za kanisani, chupa ya plastiki yenye maziwa mgando. Nikapitisha mkono mpaka kwenye bitana, kwenye mshono, huku na huku. Hakuna kitu. Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anacheka. Hata wa Ntobeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Binti alirudisha vitu vyake ndani, kimoja kimoja. "Vibano umevipata, madamu?"

"Bado."

"Pole," akasema, akaenda zake.

Ile pole ilinikaa shingoni siku mbili. Lakini mimi si mtu wa kuacha hesabu nusu. Jumatatu asubuhi, kabla hawajaingia, nilichukua chupa moja kwenye rafu yake nikaifungia kwenye kabati la ofisi yangu. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Sasa rafu ina hamsini na daftari lina hamsini. Mtu ambaye hajui lolote ataona mambo yamelingana atafurahi. Mtu mwenye chupa ya siri atashtuka.

Aliingia, akasalimia, "Shikamoo madamu," nikaitika. Akafunga vifungo vya koti. Akaisogelea rafu yake, akasimama mbele yake muda wa kuvuta pumzi mbili. Hakunyoosha kidole, midomo haikutikisika.

"Madamu, kuna mmoja ametolewa."

"Ametolewa nani?"

"Yule mwenye jani lililojikunja kama sikio. Alikuwa huku pembeni, kwa dirisha."

"Hebu tuone daftari." Nikalifungua polepole, maana nilikuwa na raha ya mvuvi aliyesikia uzi ukivuta. "Umeandika hamsini. Hesabu rafu."

Hakuhesabu. Alinitazama mimi.

"Ni hamsini," nikasema. "Nimehesabu mara mbili. Daftari hamsini, rafu hamsini. Sasa huyo aliyetolewa alikuwa wa ngapi?"

Akaisogeza chupa ya jirani mpaka kwenye pengo.

"Kwa hiyo unajua daftari lako lina upungufu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, madamu."

"Na unaandika hivyo kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Wenzake walikuwa wameacha kazi zao. Akatazama upande wao, kisha akatazama sakafu. "Siwezi kusema, madamu."

Kwangu hilo lilitosha. Mtu anayekiri kosa akaficha sababu, sababu ni mbaya kuliko kosa. Nikaenda kwa mkuu wa chuo, Mhaya mpole anayependa mambo yaishe kabla ya chai, nikamweleza vyote isipokuwa chupa iliyokuwa kabatini. Akashika kichwa. Kughushi kumbukumbu za maabara adhabu yake ni kufutiwa mtihani wa vitendo, na aliyefutiwa vitendo hana cheti, sembuse nafasi. "Tusikimbilie huko," akasema. "Mzazi aitwe."

Mzazi alikuja Jumatano, nyuma ya bodaboda, amevaa koti zito na kofia, na fimbo yake aliishika mlalo ili isimguse dereva. Mkuu alitaka kumpa heshima akamsalimia kwa Kisukuma alichokiokota mahali.

"Mwangaluka, mzee!"

"Mwangaluka," akaitika mzee, akatabasamu kidogo, kwa sababu ilikuwa saa nane mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi.

Mimi nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Binti alisimama karibu na mlango. Mkuu, kwa kuwa hataki kuanza na baya, akaanza na mifugo.

"Ng'ombe wanaendeleaje, mzee?"

"Wapo, wapo."

"Wengi?"

"Wapo."

Hapa ndipo nilipoingia, na sikuingia kwa hekima yoyote. Nimekulia sokoni. Mtu akikwepa namba mbele yangu siwezi kunyamaza, hata kama namba yenyewe hainihusu.

"Mzee, kama hamsini hivi?"

"Mwalimu, unataka kununua?"

"Hapana, naulizia tu."

"Kama hununui, wapo wa kutosha."

"Wanafika mia?"

"Wanafika mtoni wakanywa, wakarudi."

Mkuu akaguna kwa kicheko. Mimi sikuachia. "Na watoto, mzee? Una watoto wangapi?"

"Wapo. Tunamshukuru Mungu. Huyu ni mmoja wao."

"Sasa ng'ombe mmoja akipotea utajuaje?"

Akanishangaa, kama vile nimemuuliza atajuaje kwamba mguu wake haupo. "Nitamwona hayupo. Yule mwekundu mwenye doa tumboni hayupo, si nimemjua? Namba inakwambia nini? Namba inakwambia amepotea, haikwambii nani."

"Bwana mifugo akija kuchanja anataka idadi."

"Anahesabu yeye. Mimi natazama pembeni. Akinilazimisha nitaje, namtajia, lakini mmoja namwacha. Hata mzee wetu alifanya hivyo. Ukiwataja wote mpaka wa mwisho umewafungia. Umesema hawa ndio basi, hawaongezeki tena. Yule unayemwacha ndiye anayewaachia mlango." Akageuza fimbo mapajani. "Wanangu wanasali kanisani, mimi bado niko na mambo ya wazee. Lakini hilo la kuacha mmoja, hata yeye nimemfundisha tangu anachunga ndama."

Nilimtazama binti. Machozi yalikuwa yamesimama bila kudondoka, na shingo imenyooka. Nikahesabu wiki: tatu. Nikahesabu upungufu: moja, moja, moja. Sikuhitaji kurudia.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mbele ya wale?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wangeniita mchawi mpaka siku ya kuondoka. Na wewe, madamu, ungesema sijaelewa sayansi. Nimeielewa. Ni mkono wenyewe tu unaoandika hivyo."

"Na wakati wote ulijua ni ngapi?"

"Sijui ni ngapi. Nawajua wao."

Mzee aliuliza kuna tatizo gani. Tulipomweleza alimwambia mwanawe maneno machache kwa Kisukuma. Baadaye nilimuuliza binti baba yake alisema nini. Alimwambia kwamba chupa si ng'ombe wake, na kwamba anayejua kazi hii ni mwalimu. Kisha akageuka kwangu akasema kwa Kiswahili, "Sasa elewaneni," akaomba maji ya kunywa.

Mkuu aliridhika; chai ilikuwa inakuja. Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimekosea kuhusu wizi, lakini kuhusu daftari nilikuwa sahihi, na nilikuwa nimebaki na siku mbili za kuandika barua. Kule aendako hawatamwita baba yake. Watakuta pungufu ya moja, watamfungia geti, na jina langu litakuwa kwenye barua.

Alhamisi nikamwita maabara peke yake, tukakaa pande mbili za meza kama wauzaji.

"Nieleze wewe," nikamwambia, "kwa nini jumla iwe kamili."

Akanieleza. Alieleza vizuri kuliko mimi: mche, shamba, ugonjwa, kurudi nyuma, ukuta. Alitaja hata migomba ya Ntobeye iliyong'olewa.

"Basi andika kamili."

"Nipe daftari nikuandikie kila mmoja, madamu. Kila mmoja mstari wake. Alama yake, siku aliyoingia, alikotoka, ana majani mangapi. Hakuna atakayeachwa."

Hapo alikuwa amenipiga. Kila chupa mstari wake ni bora kuliko jumla. Jumla ilikuwa uvivu wangu mimi, wa kutaka kusaini madaftari kumi na manne kabla ya saa kumi na moja. Lakini sokoni humwonyeshi mwenzako kwamba amekupiga.

"Na chini, kwenye jumla?"

"Utaandika wewe."

"Na huko uendako, nitaandika kwa simu?"

"Nitaandika mistari. Wao wajumlishe."

"Hapana. Wao watataka saini yako kwenye namba."

"Basi nusu."

"Nusu ya namba haipo."

Akachukua kalamu. Wiki hiyo alikuwa amehamisha tena, na ile ya kabatini nilikuwa nimeirudisha mwenyewe jioni ya Jumatatu, mbele yake, bila maelezo marefu. Aliandika mistari yake yote, saa nzima na zaidi. Chini kabisa akasita, akafuta jasho la mkono kwenye koti, akaandika: *sitini na tatu, na mwenzao*.

Nilisoma. Nikaenda kwenye rafu nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia. Sitini na nne. Nikahesabu na mistari ya daftari. Sitini na nne.

"Huyu mwenzao ni yupi?" nikauliza, maana bado sikuwa nimemaliza kushuku.

"Yeyote. Leo ni yule." Akaonyesha kwa kidevu. "Lakini yumo, madamu. Nimemwandika."

Nikasaini. Mkuu alipolipitia daftari kesho yake aliniuliza hii ni hesabu ya wapi. Nikamwambia ni sitini na nne, akitaka ahesabu. Hakutaka.

Ijumaa nikaandika barua. Niliandika kweli: mikono yake, usafi wake, kujua kwake. Na kwa kuwa sipendi kuuza kitu chenye ufa bila kuonyesha ufa, nikaongeza sentensi moja: kwamba kwa wiki tatu nilizohesabu jumla katika daftari lake ilipungua chupa moja, kwa desturi na si kwa nia mbaya, na kwamba amejirekebisha. Nikaifunga kwenye bahasha, mkuu akagonga muhuri mgongoni.

Alikuja kuichukua mlangoni pa ofisi, begi begani. Kabla sijasema neno alilitua begi, akafungua zipu, akalipanua wazi miguuni kwangu.

"Sikuomba," nikasema.

"Najua, madamu. Ili tusaidiane." Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaigeuza akaona muhuri. "Sasa naomba na hii ifunguliwe. Uisome nikiwa hapa."

Wengine wangeita huo ni utovu wa heshima. Mimi niliona ni mtu aliyejifunza somo langu la kwanza vizuri. Nikachana bahasha, nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye ile sentensi alinisimamisha.

"Hiyo inabaki?"

"Inabaki. Wakiiona wenyewe baadaye, watasema tulificha."

"Ni kweli." Akatikisa kichwa kukubali. "Na siku uliyotoa chupa kwenye rafu yangu ukaificha? Hiyo uliiandika wapi?"

Yule wa Ntobeye alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake hatua tano kutoka pale, akingoja kumpeleka stendi. Aliacha kutafuna.

Sikuwa nimeiandika popote. Siku nzima chupa ile ilikuwa nje ya rafu, nje ya daftari, kwenye kabati lenye viberiti na majani ya chai, na aliyeiweka huko ni mwalimu wa kumbukumbu. Hata mkuu sikumwambia. Nilijaribu kupunguza bei.

"Ilikuwa ni uchunguzi."

"Ndiyo, madamu."

"Ni siku moja tu."

"Na mimi ilikuwa ni chupa moja tu."

"Tuziache zote mbili nje ya barua?" nikasema. Nakiri, nilisema hivyo.

Alilifikiria. Nilimwona akilifikiria, maana nafasi ilikuwa yake na ilikuwa moja. "Hapana," akasema. "Ziandikwe zote."

Nikarudi ndani nikaketi, nikaongeza kwa mkono chini ya maandishi ya kompyuta kwamba katika kuchunguza jambo hilo mwalimu alitoa chupa moja ya mwanafunzi akaifungia kabatini bila kuiandika, na mwanafunzi aligundua papo hapo kwa kuitazama rafu. Nikasaini mara ya pili. Mkuu akagonga muhuri mwingine, akasoma, akanitazama juu ya miwani, na kwa mtu wa tabia yake huo ulikuwa ni ukali. Binti alisoma mwenyewe, taratibu, akarudia tena kutoka juu. Ndipo akafunga begi.

"Asante, madamu." Hakutabasamu. Sikustahili.

Jumatatu simu ikaita. Alikuwa mkuu wa ile maabara, mwanamke mwenye sauti ya mtu asiyependa barua ndefu. Alisema amemweka binti mbele yake, na barua mezani, na hajawahi kupokea utambulisho kama huu.

"Hebu niambie, mwalimu. Mmoja ameacha chupa nje ya daftari, mwingine ameficha chupa kabatini. Kati yenu wawili nimwamini nani?"

"Yeye," nikasema. "Mimi unihesabu mara mbili."

Nikamsikia akifunika simu kwa kiganja, kisha sauti mbili kwa mbali, yake na ile ya chini niliyoijua. Kisha kiti kikasogezwa.

"Nampeleka chumba cha chupa," akasema. "Nitamwacha aitazame rafu, kisha nitatoa moja wakati hatazami. Usikate simu."

Sikukata.